Sinia la Mtapishaji Vyoo

Kuku aliyenifundisha kazi aliishi miaka tisa akafa kwa uzee, na sijasikia kuku mwingine wa Mtwara aliyepata bahati hiyo. Jina lake lilikuwa Kaimu. Naanza na habari zake kwa ajili yenu, vijana wa gari la majitaka, mnaovaa glovu na buti za mpira na kuvuta bomba kama mnamwagilia bustani, ili mjue kazi hii imetoka wapi.

Mimi ni Selemani Nampoto, mtapishaji vyoo mstaafu. Kabla ya gari lenu, choo cha shimo kikijaa mwenye nyumba aliniita mimi. Tulichimba shimo jipya kando ya lile la zamani, tukatoboa ukuta katikati, mzigo ukahamia upande wa pili, tukaufukia. Hayo ndiyo mambo mepesi. Mahali pasipo na nafasi ya kuchimba, ilibidi mtu aingie na ndoo. Nimeingia mashimo ya Ufukoni, nimeingia ya Shangani wanakokaa wakubwa, na ninaweza kuwahakikishia kwamba huko chini hakuna Shangani wala Ufukoni.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Chitanda, mtu mfupi mwenye kikohozi, asiyesema neno mpaka amalize kutafuna. Yeye ndiye aliyekuwa na Kaimu. Kabla mtu hajaingia shimoni, tulimweka kuku kwenye kikapu tukamshusha kwa kamba. Akipiga kelele, hewa ipo. Akinyamaza, mvute haraka, nenda kanywe chai, rudi baadaye. Tulimwita Kaimu kwa sababu alishika nafasi yetu kabla hatujaingia wenyewe. Siku moja Kaimu alikuwa ametaga na hataki kusumbuliwa, nami nikajiona mjanja, nikawasha kibiriti nichungulie. Nyusi zangu zilirudi baada ya Ramadhani, moja kwanza, ya pili kwa wakati wake. Mzee Chitanda alinipaka mafuta ya nazi, akatafuna, akameza, kisha akasema, "Kuku ana akili ya kutotumia kibiriti."

Sasa sikilizeni sababu ya Kaimu kufa kwa uzee. Alizurura mtaani mchana kutwa, na kila mtu alimjua. Katika mji ambao kuku akivuka barabara humuoni tena, hakuna aliyemgusa. Wezi walimpisha njia. Nilicheka sana habari hiyo kwa miaka kadhaa, mpaka nilipogundua kwamba mimi na yule kuku tulikuwa kundi moja.

Ni hivi. Babu yangu alibeba ndoo za vyoo vya wazungu enzi za mkoloni. Baba yangu akabeba baada yake. Kwa hiyo sisi tukawa "watu wa ndoo", ukoo mzima, pamoja na watoto ambao hawajazaliwa. Mdogo wangu Hamisi alisoma, akawa karani bandarini, shati jeupe kila siku, na maishani mwake hajawahi kushika ndoo isipokuwa ya kuogea. Alikwenda kuposa mara tatu. Mara tatu wazee walimsifu: kijana mpole, anaswali, ana kazi ya kalamu. Kisha mmoja anakohoa na kusema, "Ila ni watu wa ndoo." Akaoa Masasi, ambako hakuna aliyetujua, na mpaka leo anawaambia wakwe zake kwamba baba yetu alikuwa mvuvi. Baba yetu alikuwa anaogopa maji.

Mimi sikukataliwa waziwazi. Mtwara watu wana adabu. Walinisalimu, waliniuliza hali ya watoto, walinialika kwenye shughuli zote. Harusi, maulidi, khitma, sikukosa hata moja. Ila mnajua chakula cha shughuli kinavyoliwa: mnakaa chini kwenye mkeka, watu watano au sita mnazunguka sinia moja la pilau, kila mtu na upande wake. Nikikaa mimi, wale wengine wanakumbuka jambo. Mmoja anamwona binamu yake sinia la pili. Mmoja mgongo unamuuma, anataka kuegemea ukuta. Wa tatu anainuka tu. Nabaki mimi na sinia.

Nami nilikula. Niwe mkweli, nilikula sana. Pilau la watu sita, nyama zote, na kachumbari. Kama mnaniona na kitambi hiki mnadhani ni cha mshahara, si cha mshahara. Mzee Chitanda, ambaye alikuwa na sinia lake kona ya pili, alinifundisha hata namna ya kula: anza na nyama za pembeni, usiharakishe, hakuna anayekukimbiza. Tuliyafanya maisha yawe hivyo, tukayacheka.

Kuna jambo jingine alilonifundisha ambalo ninyi na gari lenu mnaweza msilijue, kwa sababu bomba halioni. Choo kinamjua mwenye nyumba kuliko mkewe. Nimekuta hirizi za watu wanaohubiri dhidi ya hirizi. Nimekuta ripoti za shule, na mtoto wa mwisho darasani ambaye baba yake alifikiri shule haijatoa ripoti mwaka ule sasa ni bwana mkubwa, ana dereva. Mzee Chitanda alisema, "Ulichokiona humo, kifukie humo. Siku utakayosema, hutakuwa na kazi, na hutastahili kuwa nayo." Sikuwahi kusema. Hata leo nitataja moja tu, na mwenye choo hicho alinipa ruhusa kabla hajafa. Alisema, "Waambie vijana, lakini ningoje nizikwe kwanza."

Gari la kwanza la majitaka lilipokuja, miaka ile ya elfu mbili mwanzoni, lilikuja na fundi kutoka India wa kutufundisha pampu. Aliitwa Mohan. Kiswahili chake kilikuwa cha kuunga, lakini kilifika. Kwenye harusi moja alialikwa kama mgeni, akakalishwa juu, akaniona mimi nikiwa na sinia langu kule pembeni. Kesho yake, tukiwa chini ya gari na mikono ina grisi, akaniuliza mbona nakula peke yangu. Nikamweleza habari ya ndoo, nikitia mzaha kama kawaida yangu.

Hakucheka. Akaniambia kwamba kwao kuna watu wanaozaliwa ndani ya kazi hii. Wanaitwa Dalit. Babu akizoa vyoo, mjukuu hata akiwa daktari kuna watakaouliza jina la ukoo wake kabla hawajapokea maji mkononi mwake. Sheria ilishakataza zamani, alisema, ila sheria haiingii jikoni.

"Na wao wanapewa sinia zima?" nikamuuliza.

Hapo akacheka, akacheka mpaka akajigonga kichwa kwenye gari. Kisha akasema, "Hapana, Bwana Selemani. Wengine hawapewi hata kivuli cha mlango. Mimi ni mmoja wao. Hapa mnaniita Mhindi tu, basi nakaa juu." Akafuta grisi kwenye kitambaa. "Lakini niulize. Wewe siku moja umekataa lile sinia?"

Nikamwambia pilau lile hukulionja wewe. Lakini swali lake nililala nalo. Kwa kweli sikuwahi kukataa. Wao walinitenga na mimi nikashiba, na kila mtu akaenda nyumbani ameridhika.

Wakati huo huo, nyumbani kwangu kulikuwa na jambo. Binti yangu Zuhura alikuwa amependana na Rashidi, kijana mwalimu wa shule ya msingi kule Mpapura. Rashidi alikuja kwangu mwenyewe, akakaa kwenye mkeka wangu, akanywa maji ya mtungi wangu vikombe viwili bila kuangalia ndani ya kikombe. Nilimpenda hapo hapo. Tatizo lilikuwa baba yake, Haji Mfaume wa Shangani, mtu wa swala tano, sauti nzuri ya kusoma, mwembamba, safi mpaka kanzu yake ilikuogopesha. Rashidi alimwomba apeleke posa. Haji akajibu kwamba yeye hana neno na Zuhura, binti ana heshima zake, ila posa haitakwenda nyumba ya watu wa ndoo maadamu yeye yu hai.

Zuhura hakulia mbele yetu. Alianza kufagia uwanja mara tatu kwa siku. Mke wangu, Mama Zuhura, ambaye si mtu wa kunyamaza, aliapa kwamba hatakanyaga tena kwenye shughuli yoyote ambayo mumewe anawekwa kando. "Wewe kale," akaniambia. "Tumbo lako halina haya. Langu linayo."

Basi, masika moja, Jumatano asubuhi, Haji Mfaume akabisha hodi kwangu. Mwenyewe, kwa miguu, na leso mdomoni.

"Shikamoo Haji," nikamwambia.

Akajibu kitu kama marahaba iliyolowana. Nikamkaribisha ndani, akakataa, akanivuta nyuma ya nyumba kwenye migomba. Hapo akaondoa leso, na nikaelewa. Haji hakuwa na meno. Yale meno meupe tuliyoyasifu kila Ijumaa yalikuwa ya bandia, na mji mzima hatukujua. Alfajiri ile, akiwa amechuchumaa chooni, alipiga chafya.

Ijumaa, baada ya swala, ilikuwa khitma ya marehemu mama yake. Watu zaidi ya mia wamealikwa, na yeye ndiye msomaji. Meno yale alitengenezewa Dar es Salaam, na barabara ya Dar mnajua ilivyokuwa masika: mabasi yalikwama kwenye tope siku nne, abiria wakapika humo humo. Meno mapya yasingewahi.

"Selemani," akasema, na jina langu lilivyotoka bila meno siwezi kuliiga. "Nisitiri."

Mama Zuhura alikuwa nyuma ya dirisha, bila shaka. Haji alipotangulia, akatoka na kunishika mkono. "Sasa Mungu amemleta. Mwambie: meno kwa posa. Asipotaka, asome kwa ufizi."

Vijana wangu, nilitamani. Nilisimama pale na ndoo yangu, nikaliona jambo lote lilivyo rahisi. Zuhura alikuwa anafagia. Lakini nilimsikia Mzee Chitanda akitafuna, ingawa alikuwa amekwisha kufa. Nikamwambia mke wangu kwamba binti yetu haendi kuolewa kwa bei ya meno, na kwamba kazi ni kazi. Hakunisemesha mpaka Ijumaa.

Kwa faida yenu, kitu kidogo hakitafutwi kwa kukoroga. Ukikoroga umekipoteza. Niliwafukuza watu wote wa nyumba ya Haji kwa kusema nasikia harufu ya gesi, nikatoa tabaka la juu pole pole kwa ndoo ndogo, kila ndoo nikaimwaga juu ya wavu wa kuchekechea mchanga, nikaipitishia maji. Ndoo ya kumi na moja meno yakanichekea. Kuyasafisha ni elimu nyingine. Maji ya moto yangeyapinda, kwa hiyo nilitumia sabuni, chumvi, ndimu, na dawa ya hospitali, na nikayalaza kwenye chumvi mpaka adhuhuri.

Haji aliyapokea kwenye sahani, akayatazama muda mrefu.

"Umeyaosha mara ngapi?"

"Saba, na mara moja kwa mchanga."

Hiyo ni hesabu ya kuosha chombo kilicholambwa na mbwa; hakujua kama namfanyia mzaha, nami sikuwa na hakika. Akayavaa. Nikaona uso wake unarudi mahali pake, shavu moja baada ya jingine, na yule Haji wa kuogopesha akatokea. Akataka kunilipa zaidi, nikachukua bei ya kawaida ya choo kimoja. Mlangoni akauliza, "Utasema?"

Nikamwambia, "Haji, ningekuwa msemaji, mji huu usingekuwa na amani."

Ijumaa nilikwenda peke yangu. Haji alisoma, na sijawahi kusikia akisoma vizuri namna ile, kila herufi ilitoka imenyooka. Wazee walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa na kiburi cha ajabu, kwa sababu sehemu ya usomaji ule ilikuwa kazi yangu.

Kisha mikeka ikatandikwa, tukanawa, masinia yakaja. Nikakaa kwenye sinia lililo karibu na mlango. Mmoja akamwona binamu yake. Mmoja akaumwa mgongo. Nikabaki na pilau, mvuke unapanda, na nyama ya mbuzi iliyokaangwa vizuri juu yake.

Sikula.

Sikupanga jambo kubwa. Niliweka tu mikono yangu iliyonawa juu ya magoti, nikakaa. Tumbo langu halikuelewa, lilinguruma. Watu wa sinia la jirani waliniangalia, wakaendelea, wakaniangalia tena. Mnajua khitma: dua ya mwisho haisomwi wakati mgeni hajagusa chakula, na mwenye shughuli hawezi kukaa akijua kuna sinia zima. Kijana mmoja wa kupakua akaja, akaniuliza kama chakula kina kasoro. Nikamwambia hakina. Unaumwa? Siumwi. Kidogo kidogo ukumbi wote ukapunguza kutafuna.

Kule juu nilimwona Haji ameacha kula. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mtu mmoja tu mle ndani alijua ninachokijua, na mtu huyo alidhani saa yangu ya kusema imefika. Akainuka, akapita katikati ya watu na kanzu yake nyeupe, akaja akainama kwangu.

"Selemani," akanong'ona, "unataka kusema?"

"Sina la kusema, Haji."

"Basi kula."

"Nawangoja wenzangu. Hili sinia ni la watu sita."

Alibaki ameinama. Nilimwona anageuza kichwa, analiangalia lile sinia, anaziangalia nafasi tano tupu kwenye mkeka. Nadhani alikuwa ameliona sinia langu mara mia maishani mwake, na siku ile ndiyo alilihesabu. Akakunja kanzu yake, akakaa. Akasema bismillahi. Akamega upande wake, akatia mdomoni, akatafuna kwa yale meno.

Msiniulize alikaa kwa woga au kwa haya. Nimejiuliza miaka mingi. Mimi nataka iwe haya, na yeye baadaye aliniambia ilianza kwa woga ikaishia kwa haya, na kwamba meno yalimsaidia kufikiri. Mtu ambaye ana kitu kilichotoka shimoni katikati ya mdomo wake, alisema, anashindwa kupata maneno ya kumkataa mwenzake kwenye pilau.

Sasa mwenye shughuli amekaa kwangu, mnadhani wengine walifanya nini? Yule wa binamu akamsahau binamu yake. Yule wa mgongo akapona. Wakaja mpaka tukabanana magoti, na mzee mmoja akawa anakula kwa kunyoosha mkono juu ya bega langu. Nyama ziliondoka kabla sijazifikia. Nilikuwa sijazoea, mimi ni mtu wa kuanza pembeni pole pole, na hapa palikuwa vita. Nilipata matonge manne na mfupa.

Haji, akiwa amenibana kwa kiwiko, akasema chini chini bila kuniangalia, "Jumapili washenga wangu watakuja kwako. Mtakuwepo?"

Nikasema tutakuwepo.

Nilirudi nyumbani alasiri kwa miguu. Mama Zuhura alikuwa amekaa jikoni, bado na kinyongo chake, anamenya mihogo. Nikamwuliza kama kuna chochote cha kula.

Akanitazama kwanza tumbo, kisha uso. "Kwani hawakukupa?"

"Walinipa."

"Basi mbona unaomba mihogo?"

"Tulikuwa wanane kwenye sinia."

Kisu kikasimama. Aliniuliza tena nikamjibu vile vile, wanane, na nikawataja mmoja mmoja kwa majina. Akajifunika uso kwa khanga. Nikadhani anacheka, kwa sababu mabega yalikuwa yanatikisika, nami nikaanza kucheka, mpaka nilipoona khanga imelowa. Akainuka akanichomea muhogo, mkubwa kuliko wote, akakaa karibu yangu tukaula pamoja.

Habari ya washenga nilikumbuka kumwambia asubuhi.